Sikio la Zawadi

Mume wangu husema mimi ndiye mwanamke pekee katika Lubumbashi nzima anayeunguza maziwa kwa makusudi. Ananisingizia. Siunguzi kwa makusudi, ila siwezi kuyaepua. Yanapanda, napunguza makaa, yanashuka, nayaacha yapande tena, na tena, mpaka ile harufu inaanza chini ya sufuria, harufu ya sukari iliyoungua na kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Watoto wangu wanaziba pua. Wageni wanakunywa chai yangu kwa adabu na hawaombi kikombe cha pili. Mimi nasimama pale na mwiko mkononi, na kabla sijajizuia nimekuwa tena mtoto wa kule ferme, miguu imejaa vumbi jekundu, nikimwangalia Kambo akitoka zizini na kopo linalotoa mvuke.

Kambo ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Huyu alikuwa mama mzazi wa Papa, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kama ya mwanaume. Na ferme, yaani shamba la ng'ombe, msije mkafikiri mambo makubwa. Ilikuwa kipande cha ardhi upande wa barabara ya Kasenga, huko nyuma ya Kampemba ambako nyumba zilikuwa zinakwisha na vichaka kuanza. Tulikuwa na nyumba ya matofali mabichi, zizi la miti, ng'ombe wachache wa maziwa, na kichuguu kimoja kilichopita paa letu kwa urefu. Ng'ombe walikuja kujikuna pale asubuhi na jioni, hata upande mmoja wa kichuguu ukawa laini na kung'aa kama umepigwa sakafu.

Papa alikuwa fundi wa magari kule Kamalondo. Aliamka, akafunga mabidoni, yale madumu ya maziwa, nyuma ya baiskeli, akaenda kuyaacha kwa wateja wake kabla ya kuvaa nguo zake za mafuta. Kwa sababu njia ilikuwa ndefu na jua halina huruma, maziwa yote ya kuuza tuliyachemsha kwanza nyumbani, katika sufuria moja kubwa iliyokuwa nyeusi mpaka kwenye masikio. Sisi tulikunywa hayo hayo, ndani ya chai, na mkate. Yote yalipita motoni, isipokuwa kopo moja.

Kopo hilo lilikuwa la Mama. Kambo alikuwa na desturi aliyoitoa kwa mama yake: mwanamke mwenye mimba katika nyumba yake anapewa ng'ombe wake mmoja, na asubuhi maziwa ya kwanza ya ng'ombe huyo ni yake. Hayachanganywi na ya mwingine. Hayaonjwi na mtu. Moto hayaujui. Yanatoka kwenye kiwele yakiwa na povu, na mama mkwe ndiye anayeyabeba, mkono wake mpaka mkono wa mkamwana. Mama aliyapokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akayanywa yote akiwa amesimama, akarudisha kopo. Kambo alichungulia ndani kuona kama limekwisha. Halafu akacheka peke yake, akarudi kukamua. Nilikunywa mimi pia kwa njia hiyo, alikuwa ananiambia, nikiwa bado tumboni, ndiyo maana nina kichwa kigumu hivi.

Zawadi alikuja wakati Mama ana mimba ya pili. Papa alimleta kwa miguu kutoka upande wa barabara ya Kipushi, kamba begani, amechoka, anacheka meno yote nje. Alikuwa ng'ombe mzuri, naomba mniamini. Mweusi, tumbo jeupe, kope ndefu kama za bibi harusi, na alikuwa anakamuliwa tayari. Papa alimpa Mama kamba mkononi mbele ya watu wote, akasema, "Mama Feza, hii njo ya kwako." Feza ni mimi. Mama aliona haya, akafunika uso na kitenge. Na Kambo akampa jina hapo hapo.

Kitu kimoja tu kilikuwa na kasoro. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika kutoka katikati mpaka pembeni, kidonda bado kibichi, nzi wamekaa. Kambo alilishika, akaligeuza, akauliza ni nini kimemfanya hivi. Papa akasema ni senyenge. Kambo alimtazama kidogo, halafu akaenda kuchukua mafuta ya mawese na majivu, akampaka. Hakutaka kumharibia mwanawe furaha yake siku hiyo. Kila siku baada ya hapo alimkuna nyuma ya lile sikio kabla ya kukaa kukamua, na Zawadi alifumba macho.

Basi Mama akawa anakunywa maziwa ya Zawadi.

Siwezi kuwasimulia vizuri jinsi mimba ile ilivyotoka, kwa sababu mtoto haambiwi. Nilichokiona ni kwamba Mama alienda hospitali na tumbo, akarudi bila tumbo, na wanawake wakakaa chini kwenye mikeka. Nilisubiri wanionyeshe mtoto. Nilipoona hawanionyeshi, niliingia chumbani nikatafuta mwenyewe, nikafunua vitenge vyote vilivyokunjwa kitandani, kimoja kimoja. Mama alikuwa amelala ameangalia ukuta. Hakunikataza. Nilipomaliza nikavikunja tena vibaya vibaya, nikatoka.

Baada ya hapo Mama akawa mtu wa homa. Jioni ilikuwa inamkuta anatetemeka, usiku anatoka jasho, asubuhi anajikokota akisema mgongo unauma. Alipewa dawa za malaria, zikamshusha kidogo, homa ikarudi. Kambo naye alikuwa analalamika magoti na vidole, akikamua anakunja uso. Hiyo tulisema ni uzee, tukacheka naye. Na alipoona mkamwana wake anakonda, Kambo alifanya kile ambacho mtu mwenye upendo angefanya: alitafuta kopo kubwa zaidi.

Mwaka uliofuata Zawadi mwenyewe akatupa ndama kabla ya wakati wake. Kambo alimsaidia kwa mikono yake, akamchukua yule ndama ambaye hakuwahi kusimama, akamzika nyuma ya kichuguu. Na haikupita muda mrefu, mimba nyingine ya Mama, ambayo alikuwa ameificha kwa hofu, ikatoka na yenyewe. Safari hii nilikuwa nimejifunza. Sikutafuta mtoto mahali popote.

Hapo ndipo walipoanza kuja watu wa maombi. Walikuwa wanawake wa kikundi cha Mama kule Kampemba, na wengi wao walikuja na roho safi, na bukari, ugali wetu, na samaki kwenye masahani yaliyofunikwa, sitawadhulumu. Lakini kiongozi wao, mama mmoja mwenye kilemba cheupe, alikuwa mtu anayetafuta. Aliomba akiwa amefumba macho, kisha akayafungua, akamuuliza Mama: asubuhi unakula nini kabla ya kitu kingine chochote? Mama akajibu, maziwa. Akauliza, unayapokea kutoka mkono wa nani?

Mama akajibu ukweli. Alijibu bila kufikiri, kama mtu anayeulizwa jina la mtaa. Na mama wa kilemba cheupe akawatazama wenzake. Baadaye akauliza kama ni kweli hata ng'ombe wa nyumba hii alitupa ndama, na ni nani aliyemshika, na ni nani aliyemzika. Kila jibu lilikuwa mtu yule yule. Mpaka leo nikikumbuka ninaumwa: walikuwa wameshafika kwenye kopo, walikuwa wameliona kabisa, na wakamtazama aliyelishika badala ya kutazama ndani.

Neno bulozi, yaani uchawi, halikusemwa nyumbani kwetu hata siku moja. Halikuhitaji. Nililisikia njiani, nikirudi shuleni, kwa mtoto wa jirani aliyeniambia kwamba Kambo yangu anakula batoto. Nilimpiga. Akanipiga na yeye, alikuwa mkubwa. Nilifika nyumbani mdomo umevimba, Kambo akaniosha kwa maji ya chumvi akiniuliza tumegombea nini. Nilisema kalamu. Aliendelea kuniosha polepole, na ninafikiri alikuwa anajua, kwa sababu hakuuliza kalamu ya rangi gani, na Kambo alikuwa mtu wa kuuliza.

Papa alikataa. Kwa siku nyingi alikataa, akawaambia watu wamwache mama yake. Lakini Mama alikuwa hanywi tena. Asubuhi Kambo alikuja na kopo, Mama akasema asante Mama, liweke tu hapo, tumbo halijatulia. Likawekwa mezani. Povu likashuka. Kambo alisimama kidogo mlangoni, mikono mitupu, halafu akarudi zizini. Nilimwona Papa akiangalia lile kopo, na kuanzia hapo sauti yake ikaanza kuwa ndogo.

Alimwambia asubuhi moja ya Jumapili, nje, wakiwa wamesimama karibu na sufuria ile nyeusi. "Mama, uende upumuzike kidogo kwa mudogo yako kule Likasi." Kambo alimuuliza ni kidogo ya namna gani. Papa akafunika sufuria. Basi Kambo akaenda kuosha kopo, akaligeuza kifudifudi juu ya meza, akafunga vitu vyake katika kitenge kimoja. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikamshika nguo mpaka barabarani. Aliniambia nisisahau kwamba Zawadi anapenda kukunwa nyuma ya lile sikio baya.

Nilikuwa namkuna kila siku. Nilidhani nikifanya vizuri, Kambo atarudishwa.

Dokta wa ng'ombe alikuja miezi ya baridi, wakati majani yamekauka na asubuhi unaona pumzi yako. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti kubwa, na kazi yake ilikuwa kupita katika ferme zote zinazouza maziwa mjini, ndogo na kubwa, kumpa kila ng'ombe namba. Alieleza kwamba maziwa yakionekana na shida huko mjini, wajue yametoka ferme gani, na pale ferme wajue ni ng'ombe gani, na ng'ombe huyo alizaliwa kwa nani, akauzwa kwa nani. Papa alitikisa kichwa kama mtu anayekubali. Aliendelea kuchomekea shati lake ambalo lilikuwa limeshachomekewa.

Namba zenyewe zilikuwa heleni. Heleni za plastiki, za njano, kubwa kama kiganja changu, na Dokta alizibana kwenye sikio kwa koleo maalum: tak! Ng'ombe anashtuka, anatikisa kichwa, basi, amevaa. Ninyi hamjui wivu niliokuwa nao. Masikio yangu yalikuwa yametobolewa zamani na yamefungwa uzi mweusi, nikingoja heleni ambazo Papa aliniahidi kila Noeli. Na sasa ng'ombe wetu wote, hata yule mzee asiye na meno, wanavaa kabla yangu! Nilimfuata Dokta nikamuuliza kama hakuna moja imebaki. Alicheka mpaka akaweka koleo chini.

"Weye unajua kusema jina yako," akaniambia, akawaonyesha ng'ombe. "Beye habajue. Njo maana tunabavalisha."

Alipofika kwa Zawadi hakucheka. Alilishika lile sikio la kushoto, akapitisha kidole kwenye ule mpasuko uliokwisha kupona, taratibu, kwenda na kurudi. Halafu akamtazama Papa. Papa akaangalia kichuguu. Dokta akamvalisha heleni yake sikio la kulia, akatoa damu kidogo kwa sindano kama alivyofanya kwa wenzake wote, akaenda zake.

Alirudi siku nyingine, bila koleo. Mama alikuwa amekaa mkekani anachambua maharagwe, mimi niko pembeni yake. Dokta aliingia zizini, simu mkononi, anasoma masikio: huyu hapana, huyu hapana, huyu hapana. Akasimama kwa Zawadi. Akasoma mara ya pili. Nilifurahi, nilifikiri Zawadi ameshinda kitu.

Akatoka, akaomba maji, akanywa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa nani katika nyumba hii anakunywa maziwa ya ng'ombe yule bila kuchemsha.

"Miye," Mama akasema. "Zamani. Miye peke yangu."

Akamuuliza kama anapata homa za jioni. Mama akasema ndiyo. Jasho usiku? Ndiyo. Mgongo, viungo? Ndiyo. Dokta akavuta kigoda akakaa, akauliza jambo la mwisho kwa sauti ya chini, na Mama akaacha kuchambua maharagwe. Aliweka mkono juu ya tumbo lake, tambarare, akauacha pale. Dokta akaeleza kwamba kuna ugonjwa unaokaa katika ng'ombe bila kumkondesha. Unamfanya atupe ndama. Unatoka na maziwa mabichi, unatoka pia kwa kumshika ndama yule kwa mikono mitupu, na ukiingia ndani ya mtu unampa homa na maumivu ya mifupa, na mwanamke mwenye mimba unaweza kumfanya aipoteze. Moto unauua. Sufuria yetu nyeusi ilikuwa imewalinda watu wote, wateja wa Kamalondo na mimi na Papa.

Halafu akamgeukia Papa kuhusu sikio. Na Papa akasema. Sijui kwa nini hakudanganya tena. Labda alikuwa amechoka kubeba. Alisema yule aliyemuuzia ng'ombe alikata heleni ya zamani kwa kisu mbele ya macho yake, siku ile ile, akimwambia ukienda naye na namba hii utaombwa makaratasi njia nzima, bila namba ni ng'ombe wako tu. Na bei ilikuwa nzuri. Papa alimshikilia Zawadi kichwa wakati kisu kinapita. Dokta alisema, bila kugomba, kwamba kama heleni ile ingebaki, angeuliza kule ilikotoka na angejibiwa kabla hata ya kutoa damu. Papa akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya bidoni, likaanguka, akabaki chini kwenye vumbi.

Zawadi alichukuliwa na gari. Ilibidi. Aliingia bila shida, alikuwa ng'ombe mwenye adabu, na heleni yake ya njano niliiona ikitikisika mpaka kwenye kona. Mimi, na akili zangu za mtoto, nilielewa jambo moja tu: kabla ya heleni alikuwa mzima, amevaa heleni, wamekuja kusoma, wamempeleka. Jioni ile niliukata uzi kwenye masikio yangu kwa wembe wa Papa. Noeli aliponiletea heleni, za kweli, zenye kito cha bluu, nilipiga kelele kama nimeonyeshwa nyoka. Matundu yalijifunga. Mume wangu ananicheka mpaka leo kwamba alioa mwanamke asiye na masikio.

Mama alipewa dawa nyingi, za muda mrefu, zikamwacha hoi lakini homa ikaondoka. Na Papa alikwenda Likasi, akanichukua pamoja naye, nafikiri kwa sababu aliogopa kwenda peke yake.

Tulimkuta Kambo ameketi kwenye baraza la mdogo wake, anamenya mihogo. Alikuwa amepungua. Papa hakungoja kukaribishwa. Alipiga magoti pale pale kwenye simenti, mwanaume mzima, na mimi nikatazama pembeni. Akamwambia yote. Hakuna bulozi, Mama. Haikuwahi kuwa. Ilikuwa ugonjwa wa ng'ombe, Dokta ameuona kwenye damu, ulikuwa unapita kwenye maziwa. Alisema haraka haraka kama mtu anayeleta habari njema, na zilikuwa habari njema, mimi nilikuwa natabasamu.

Kambo aliendelea na muhogo wake mpaka ukaisha. Akauweka kwenye maji.

"Kwenye maziwa," akasema. "Basi balisema kweli. Ni mukono yangu."

Papa akasema hapana Mama, hapana, ni mimi, ngombe ile ni mimi nilileta, sikio lile nilikudanganya. Alikuwa analia sasa. Kambo akamwangalia kwa upole, kama alivyokuwa ananiangalia mimi nikianguka.

"Weye ulileta ngombe, mutoto yangu. Miye njo nilileta kopo."

Hakurudi na sisi siku ile. Alikuja mvua zilipoanza, peke yake, na kitenge chake kimoja. Mama alimpokea mbali kabisa, kule barabarani, wakashikana wakakaa hivyo katikati ya njia hata baiskeli zikawa zinawazunguka. Nyumba ikawa na sauti zake tena, ng'ombe wakamjua. Mimi nilisema, basi, imekwisha.

Ila alirudi na tabia mpya. Ukimwomba chumvi, anaiweka mezani, ndipo uichukue. Ukimwomba kisu, anakiweka. Peremende alizokuwa akinipa zamani zikiwa na joto la kiganja chake, sasa aliziweka juu ya kigoda, akarudi nyuma, akaniambia haya, chukua. Nilidhani ni adabu ya watu wa Likasi! Nikaipenda, nikawa naiga shuleni, kila kitu naweka chini mbele ya mwenzangu kwa madaha, mpaka mwalimu akaniuliza kama nimelewa. Nilipomsimulia Kambo alicheka. Alicheka kweli, na akageuka haraka kuchochea moto.

Mdogo wangu alizaliwa mwaka ule ambao barabara yetu iliwekwa taa. Alizaliwa mkubwa, mwenye hasira, analia kama injini za Papa. Kwetu mtoto anayefika nyumbani anapokelewa kwanza na mama wa baba yake. Anamshika, anamwogesha, anamwambia jina lake sikioni kabla mtu mwingine hajalitamka. Watu walikuwa wamejaa. Hata mama wa kilemba cheupe alikuwepo, ameketi nyuma. Kambo alikuwa ametafuta kigoda cha mwisho kabisa, karibu na mlango, akasema yeye anamwona vizuri kutoka pale.

Mama alipita katikati ya watu wote. Akapiga magoti mbele yake, akamlaza mtoto kwenye mapaja ya Kambo, akaondoa mikono yake.

Na Kambo akainua ya kwake. Aliiinua hewani, ile mikono mikubwa, mmoja huku mmoja huku, vidole vimepanuka, kama mtu aliyewekewa kitu cha moto. Mtoto amelala kwenye kitenge chake, anapiga miguu, na mikono ya Kambo imesimama juu yake bila kumgusa. Nilicheka kwa sauti. Nilidhani ni mchezo, nikampigia kelele, "Kambo, mukamate basi!" Hakuna aliyecheka nami. Mama alibaki amepiga magoti, akiwa tayari kumdaka mtoto asianguke. Ni Papa aliyekuja kumwinua mwanawe, na ni Papa aliyemwambia jina lake sikioni.

Kambo aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mdogo wangu alijifunza kutembea akifuata nguo zake, alimpenda kupita sisi wote, na hakuna hata mara moja niliyoona mkono wake juu ya kichwa cha mtoto yule. Alimwimbia. Alimtengenezea gari la waya, akaliweka chini, akamwambia haya, chukua. Na mimi nilikua nikiona mambo haya kila siku bila kuyaona, mpaka nilipozaa mtoto wangu wa kwanza, Kambo ameshazikwa, na muuguzi akaninyooshea yule mtoto, nami nikanyoosha mikono yangu kumpokea. Hapo, kwenye kitanda cha hospitali, ndipo nilipoelewa alikuwa ananyima nini, na alikuwa anamnyima nani. Nililia hata muuguzi akadhani nina maumivu.

Dokta alimpata ng'ombe mgonjwa kati ya wote kwa kusoma sikio. Alitufuatilia kutoka kopo mpaka kiwele, kutoka kiwele mpaka kisu. Nilikuwa namchukia nikiwa mdogo, leo ninamshukuru, bila yeye mdogo wangu asingekuwepo. Lakini alipomaliza kazi yake, bibi yangu alikuwa bado anashikilia jibu lake mwenyewe, na sisi tuliokuwa tumemfundisha jibu hilo hatukuweza kumwondolea.

Kwa hiyo niacheni na maziwa yangu. Nayachemsha mpaka yanuke, mpaka mume wangu aanze maneno yake. Kisha namimina kwenye kopo, na siliweki mezani. Naita mtoto kwa jina, nangoja aache mchezo, nangoja anyooshe mikono yake yote miwili, ndipo nampa.